Mlango Ulipofungwa: Habari za Kuwatunza Wagonjwa Wasiopona Siku za Korona

Yubilei ni wakati wa kuhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na watu waliobatizwa tangu wamisionari wa kwanza walipofika. Hesabu hii ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Walakini iko kazi moja ambayo haihesabiki kwa urahisi, kwa maana haiachi jengo wala cheti. Ni kazi ya kukaa na mgonjwa ambaye waganga wamekwisha kusema kwamba hatapona. Mgonjwa huyo hafi siku ile ile. Pengine ataishi miezi, pengine mwaka mzima, naye katika siku hizo ana maumivu, ana hofu, ana watoto wa kuwaaga. Nani atakwenda kwake? Na ikiwa njia zote zimefungwa, nani ataweza kwenda?

Swali hili liliulizwa kwa nguvu katika mwaka wa 2020, maradhi ya korona yalipoenea duniani. Tumeona vema tuandike jinsi lilivyojibiwa, kwa kuwa sisi watu wa Chumbi na nchi yote ya Rufiji tunayo sababu yetu wenyewe ya kulifikiri.

Nchi yetu yajua habari ya njia kufungwa. Kabla ya mwaka wa 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, mtu wa Chumbi aliyetaka kwenda Dar es Salaam alingoja kivuko pale Ndundu, na mto ulipofurika aling'oja siku nyingi. Jirani zetu wa delta, upande wa Kibiti, mpaka leo hufikiwa kwa mtumbwi au mashua, na safari yao hupangwa kwa maji kujaa na kupwa. Maradhi ya kuambukiza nayo tunayajua. Homa kuu ya mafua ya mwaka wa 1918 ilipita katika Afrika Mashariki yote, ikawakuta watu waliokwisha kuchoka kwa vita na njaa. Mwaka wa 1977 kipindupindu kilitokea katika delta hii yetu, kikaenea pwani, kisha katika mikoa mingine ya Tanzania. Na neno karantini ni la zamani katika lugha ya pwani. Wazee wa Unguja walilijua kwa sababu ya kisiwa cha Changuu, mahali pa kuwazuilia abiria wa meli waliodhaniwa kuwa na maradhi.

Basi yafaa kwanza tueleze nyumba tunayoitaja ni nyumba gani. Kwa Kiswahili cha siku hizi huitwa hospisi, na kazi yake huitwa tiba shufaa. Si hospitali ya kuponya, wala si nyumba ya kuwaweka watu wangoje kifo. Kazi yake ni kumpunguzia mgonjwa maumivu ya mwili, kumtuliza moyo, kumsaidia katika mambo ya dini yake, na kuwafundisha ndugu zake jinsi ya kumtunza. Nyumba ya namna hii iliyo mashuhuri ni St Christopher's, iliyofunguliwa London na Daktari Cicely Saunders mwaka wa 1967. Katika Afrika ya kwanza ilikuwa Island Hospice, iliyoanzishwa mwaka wa 1979 katika mji uitwao leo Harare. Nairobi ilipata yake mwaka wa 1990.

Lakini wasomaji wasidhani kwamba kazi yenyewe ilianza na majina hayo. Wamisionari wa nchi yetu waliifanya kabla haijapata jina. Watawa wa Mtakatifu Benedikto waliwatunza wenye ukoma karibu na hospitali zao za Ndanda na Peramiho, zamani ambazo mkoma alitengwa na watu wake mwenyewe. Hakukuwako bado dawa ya hakika ya kuwaponya, walakini kulikuwako maji ya kuosha vidonda, na nguo safi ya kuvifunga, na mtu wa kumwita mgonjwa kwa jina lake.

Habari za Kampala ndizo zitakazotufundisha zaidi. Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool katika Uingereza, alikuwa zamani mtawa wa shirika la masista waganga, akafanya kazi Nigeria. Baadaye alikwenda Singapore, na huko, pamoja na wataalamu wa madawa, akapata njia ya kutengeneza mofini ya maji kwa gharama ndogo. Mofini ni dawa yenye nguvu ya kutuliza maumivu makali. Ile ya sindano yataka muuguzi kila mara. Ile ya maji hunywewa, na mtu yeyote wa nyumbani aliyefundishwa aweza kumpimia mgonjwa. Unga wa dawa huchanganywa na maji safi na kitu cha kuizuia isiharibike, hutiwa rangi ili nguvu yake ijulikane, basi yatosha.

Daktari Merriman alifanya kazi kwanza Nairobi, kisha mwaka wa 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda katika Kampala. Walianza katika nyumba ndogo waliyoazimwa na Hospitali ya Nsambya, wakiwa na gari moja kuukuu na fedha za kutosha miezi mitatu tu. Baadaye walihamia Makindye, na mwaka wa 1998 wakafungua matawi mawili, moja Mbarara na moja Hoima.

Twaomba walimu waangalie jambo moja hapa. Watu hawa hawakuanza kwa kujenga jumba la vitanda. Waliona kwamba mgonjwa wa Afrika atamani kufa nyumbani kwake, kati ya watu wake, karibu na makaburi ya wazee wake. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa mahali pa kutokea, si mahali pa kulazwa. Wauguzi walitoka asubuhi na gari na chupa za dawa, wakaenda vijijini. Walimfundisha mke, au binti, au jirani: dawa hii hutolewa kila baada ya saa nne, kipimo ni hiki, nawe usingoje mpaka mgonjwa alie ndipo umpe. Walifundisha pia mambo madogo yenye faida kubwa. Mofini hufunga choo, basi lazima mgonjwa apewe dawa ya kulainisha tumbo, na mahali isipopatikana mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa zaweza kusaidia. Kidonda cha saratani kikinuka, mganga aweza kuagiza vidonge maalum vipondwe na unga wake unyunyizwe juu yake. Harufu hupungua, na watoto hurudi kukaa karibu na mama yao.

Tena walichagua katika kila mtaa watu wa kujitolea, wakawafundisha kuwatambua wagonjwa, kuwazuru, na kuleta habari. Na katika mwaka wa 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliopata mafunzo maalum kuandika mofini, jambo ambalo katika nchi nyingi ni la madaktari peke yao. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliye mbali na daktari hakuwa tena mbali na dawa.

Nchi yetu ya Tanzania nayo ilifuata njia hiyo. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka wa 1897, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, ndiyo iliyokuwa baadaye taasisi ya saratani ya taifa, na kwa muda mrefu ndiyo iliyotengeneza mofini ya maji katika nchi hii. Walutheri walianza kazi ya hospisi katika hospitali ya Selian, Arusha, mwaka wa 1999, kisha wakaieneza katika hospitali zao nyingine. Muheza, katika hospitali iliyotokana na kazi ya misioni ya Waanglikana, ilianza mwaka wa 2001. Na katika Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, PASADA iliyoanzishwa mwaka wa 1992 iliwaendea wenye ukimwi nyumbani mwao, wakati ambapo wengi waliogopa hata kugusa kikombe walichonywea. Twaona, basi, kwamba katika kazi hii madhehebu hayakushindana. Kila moja lilishika upande wake.

Sasa tufike mwaka wa 2020. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imekuwa maradhi ya dunia nzima. Tanzania ilipata mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi, na siku iliyofuata shule zilianza kufungwa. Kwetu makanisa na misikiti haikufungwa. Tuliweka ndoo za maji na sabuni mlangoni, tukakaa mbalimbali. Lakini Uganda walipata amri ngumu zaidi. Tarehe 18 Machi ibada za hadhara zilikatazwa, na shule zikaamriwa kufungwa. Tarehe 25 Machi magari ya abiria yalikatazwa. Tarehe 30 Machi magari ya watu binafsi yalikatazwa pia, na watu wote wakaamriwa kukaa nyumbani kutoka saa moja ya usiku hata saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Aliyetaka kumpeleka mgonjwa kwa gari alipaswa kupata ruhusa ya mwakilishi wa Rais katika wilaya yake.

Amri hizo zilitolewa ili kuokoa maisha, wala hatuzilaumu. Lakini tufikiri hali ya mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani ya kwanza kwa wanawake wa nchi zetu, akiwa kijijini mbali na mji. Chupa yake ya mofini ina dawa ya siku chache. Muuguzi wake hana basi la kumleta kazini. Mwanawe hana pikipiki ya kumpeleka hospitali. Tiba ya mionzi siku zile ilipatikana Kampala peke yake. Na chupa ikikauka, maumivu hayangoji amri iondolewe. Hurudi baada ya saa chache. Kwa mtu mzima kukaa nyumbani siku nyingi ni taabu. Kwa huyu, usiku mmoja bila dawa ni mrefu kuliko siku zote hizo.

Nyumba za tiba shufaa za Uganda zilifanyaje? Hazikufunga kazi. Kwanza zilitafuta ruhusa kwa magari yao, ili wauguzi waweze kupita vizuizi vya barabarani. Pili zilitumia simu: muuguzi alimpigia mgonjwa au ndugu yake, akauliza maumivu yakoje, amelala usingizi, ametoka choo, kidonda kikoje, naye akaamua ni nani wa kuzuriwa kwanza na ni nani awezaye kungoja. Tatu, wagonjwa waliokuwa na hali ya kutulia walipewa dawa ya siku nyingi zaidi, ili chupa isikauke njiani. Nne, kazi nyingi iliwaangukia wale wa kujitolea waliokaa mtaa mmoja na mgonjwa, ambao hawakuhitaji gari kwa kuwa waliweza kwenda kwa miguu. Tena pikipiki zilikatazwa kubeba abiria, lakini ziliruhusiwa kubeba mizigo. Na dawa ni mzigo. Hivyo ndivyo dawa za wagonjwa wengi wa nchi ile zilivyofika mikononi mwao.

Wauguzi walivaa barakoa, wakanawa mikono walipoingia na walipotoka, wakasimama mbali kadiri ilivyowezekana. Walijua kwamba mgonjwa wao ni dhaifu, na kwamba wao wenyewe wangeweza kumletea maradhi mapya pamoja na dawa. Kwa hiyo ziara ilikuwa fupi, na maneno mengi yalisemwa uani, chini ya mti, wala si chumbani.

Tukiuliza kwa nini waliweza, jibu liko katika habari tulizokwisha kueleza. Kama wangalikuwa na jumba la vitanda tu, mlango ukafungwa, kazi ingalikufa. Lakini kwa miaka 27 walikuwa wamewafundisha watu wa nyumbani. Maarifa yalikuwa yamekwisha kutoka mjini kabla barabara haijafungwa. Binti aliyejua kupima dawa mwezi wa Februari aliweza kuipima mwezi wa Aprili. Jirani aliyezoea kuzuru alizuru. Simu haikumfundisha mtu yeyote jambo jipya kabisa. Ilimkumbusha aliyekwisha kufundishwa.

Haifai tuandike kana kwamba hapakuwa na hasara. Simu haishiki mkono wa mtu anayekufa. Wagonjwa waliozoea kukutana siku fulani ili kula pamoja na kutiana moyo hawakuweza kukutana. Wako waliokosa safari ya kwenda kwenye mionzi, na saratani haikungoja. Makanisa ya Uganda yalifunguliwa tena mwezi wa Septemba 2020 tu, tena kwa watu wachache. Kwa hiyo wengi walikufa bila kusikia nyimbo za waamini wenzao, wakazikwa na watu wa kuhesabika. Sisi tunaojua maana ya kwenda matangani, kukesha na wafiwa, na kuleta unga na kuni, twaweza kufahamu uchungu huo. Tena mwezi wa Juni 2021 amri za kufunga zilirudi kwa siku arobaini na mbili, na kazi yote ya ruhusa na simu na kuhesabu chupa ikaanza upya. Lakini safari hii walikwisha kujua njia.

Historia yetu wenyewe ina mfano unaofanana na huo. Vita vya mwaka wa 1914 vilipokuja, wamisionari Waingereza waliokuwa katika nchi hii walifungwa na Wajerumani. Kisha Waingereza walipoishika nchi, wamisionari Wajerumani nao waliondolewa. Mahali pengi palibaki bila padre. Lakini ibada haikukoma, kwa sababu walimu na makatekista walikuwako. Walikusanya watoto, walisali na wagonjwa, walizika wafu, walitunza vitabu vya majina. Hawakuanza kuwa walimu siku ile padre alipochukuliwa. Walikuwa wamekwisha kufundishwa. Walimu wa leo ni warithi wa watu hao.

Sasa turudi Chumbi. Korona haikutufungia barabara, lakini maji yalitufungia. Masika ya mwaka wa 2024 Mto Rufiji ulifurika, ukaingia katika mashamba na nyumba za watu wa Rufiji na Kibiti, na jirani zetu wa Muhoro wakapata taabu kubwa. Watu waliokuwa wazima walipanda mitumbwi wakaondoka. Tumejiuliza mara nyingi tangu siku hizo: je, yule asiyeweza kusimama, ambaye dawa yake iko ng'ambo ya maji? Tuseme kweli: siku zile hatukuwa na hesabu ya wagonjwa wetu wa namna hiyo. Tulijua ni akina nani waliochangia bati la kanisa, tukaliandika daftarini. Hatukuandika ni nani alalaye kitandani na saratani, wala ni nani ajuaye kumgeuza ili asipate vidonda vya mgongoni.

Kosa hili twaweza kulitengeneza kabla ya masika nyingine, wala hatuhitaji fedha nyingi. Kila jumuiya iandike majina ya wagonjwa wake wa muda mrefu, kwa ruhusa yao na kwa siri ipasayo. Watu wawili katika kila jumuiya, mwanamume na mwanamke, wapelekwe kwa wauguzi wa zahanati au hospitali wafundishwe kuosha, kugeuza, kulisha, na kutoa dawa kama ilivyoagizwa. Mwalimu awe na namba ya simu ya muuguzi. Na mawingu yanapoanza kujikusanya, mtu mmoja aende kuuliza katika kila nyumba: chupa imebaki kiasi gani? Jambo hili tusilifanye kwa Wakristo peke yao. Wengi wa jirani zetu katika nchi hii ni Waislamu, nao hujua sana kumzuru mgonjwa. Katika kazi hii twaweza kujifunza kwao, nao wakatusaidia kubeba.

Wasomaji watakumbuka habari ya watu wanne waliomchukua mwenye kupooza wakamletea Bwana Yesu. Walipofika waliukuta mlango umezibwa na watu. Hawakumrudisha nyumbani, wala hawakukaa chini kungoja watu watawanyike. Walipanda juu, wakafumua dari, wakamshusha pamoja na kitanda chake. Tumesoma habari hii mara nyingi, na kila mara twaitazama imani yao. Tuitazame na kamba yao pia. Watu hawa walikuwa na kamba, na walikuwa wanne, na kila mmoja alishika pembe yake.

Mungu atujalie katika miaka ijayo ya jimbo letu tuwe na watu wanne katika kila kijiji, na kamba iliyo tayari kabla mlango haujafungwa. Na wale waliokufa katika siku zile za shida bila mtu wa kuwashika mkono, Bwana awape raha ya milele. Amina.